Daktari wa Moyo Anajibu: HDL ya juu haifuti LDL

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 36 na watoto wawili, wa miaka 11 na 7. Baba yangu alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 48. Baba mdogo naye ulimpata akiwa na 51, Mungu akamnusuru. Mimi ni mwembamba, naenda kazini kwa miguu, na nyama naila kwa nadra. Nilipopima mafuta kwenye damu nikakutwa na LDL, yale mafuta mabaya, 6.2 na HDL, yale mazuri, 1.9. Aliyenipa majibu maabara alisema nisihofu, mafuta mazuri yako juu na yatayafuta mabaya. Daktari ameniandikia statini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, akasema huenda nikaimeza maisha yangu yote. Mume wangu haafiki, anasema haya ni maradhi ya wenye vitambi. Nami najiuliza: watafiti wamejuaje kwamba ni mafuta haya yanayoziba mishipa ya moyo, na si unene, presha au mawazo?
*Mwalimu, Morogoro*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kumpoteza baba mapema hivyo. La haraka kwanza: dawa hiyo usiiache kabatini. LDL ya milimoli 6.2 kwa lita, kwa mtu mwembamba wa umri wako, mwenye baba na baba mdogo waliopata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, inanifanya nishuku kolesteroli ya juu ya kurithi. Humpata takriban mtu 1 kati ya 250 hadi 300, na wengi walio nayo hawajui.

Mume wako mpe habari hii. Miaka ya 1970, huko Dallas, Texas, Michael Brown na Joseph Goldstein walichunguza seli za watoto waliorithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama. Ini hutumia vipokezi, yaani protini zinazoinasa LDL, kuiondoa kwenye damu. Watoto hawa hawakuwa na vipokezi vinavyofanya kazi, LDL ikajaa, na wengine walipata mshtuko wa moyo kabla ya kutimiza miaka 10. Mtoto wa miaka minane hana kitambi, havuti sigara, hana madeni. Ana LDL. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Swali lako la watafiti wamejuaje ni zuri sana, na nataka nikae nalo. Tukiwapima watu mtaani, wenye LDL kubwa mara nyingi wana mengine pia: uzito, kisukari, sigara. Ukiona wanaugua, utamlaumu nani? Ndipo jeni zinaposaidia. Mimba inapotungwa, kila mzazi hutoa nusu ya jeni zake bila kuchagua, kama kura. Aliyepata jeni inayoshusha LDL hakuipata kwa sababu anafanya mazoezi au ana fedha, na ataishi nayo tangu tumboni hadi uzeeni. Ukiwalinganisha maelfu waliopata jeni hiyo na maelfu wasioipata, tofauti itakayoonekana kwenye mioyo yao ni vigumu kuisingizia chakula au kipato. Njia hii imepewa jina la Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza urithi kwa kupanda njegere katika karne ya 19.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika fani yangu unahusu jeni ya PCSK9. Protini yake huviharibu vile vipokezi vya ini. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walieleza familia ambazo protini hiyo ilifanya kazi kupita kiasi, LDL ikapanda. Huko Dallas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen wakatafuta kinyume chake, yaani watu ambao jeni hiyo imeharibika. Waliwapata hasa miongoni mwa Wamarekani weusi. Kisha wakaenda kwenye kundi lililokuwa limefuatiliwa kwa miaka 15, na mwaka 2006 wakatoa matokeo: kwa weusi 3,363, wengi wao wa Jackson, Mississippi, wenye jeni iliyoharibika walikuwa asilimia 2.6, na LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28. Ugonjwa wa mishipa ya moyo uliwapata asilimia 1.2 tu, wenzao wakiwa 9.7. Na hawakuwa watu wenye afya ya kutangazwa! Zaidi ya nusu walikuwa na presha, na wavutaji sigara na wenye kisukari walikuwamo. Hata hivyo mishipa ilisalimika.

Pima hapo uzito wa miaka. LDL yao ilipungua kwa kama milimoli 1. Anayeishusha kwa kiasi hicho kwa statini akiwa mtu mzima hupunguza hatari kwa kama moja ya tano hadi robo tu, kwa sababu mshipa ulishaloweka mafuta kwa miongo. Ndiyo maana nakusukuma uanze ukiwa na 36, usingoje 50.

Sasa kuhusu HDL, ambayo maabara walikutuliza nayo. Ni kweli wenye HDL ya juu kwa kawaida huugua kidogo, na kwa miaka mingi sisi madaktari tuliamini ndiyo inayowalinda. Jeni zimekataa. Mwaka 2012 Sekar Kathiresan na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya laki 1 kuhusu badiliko katika jeni ya LIPG, linalopandisha HDL bila kugusa LDL. Kama HDL ingekuwa kinga, wenye badiliko hilo wangepungukiwa na hatari ya mshtuko wa moyo kwa asilimia 13. Haikupungua hata kidogo. Kabla ya hapo, Desemba 2006, majaribio ya dawa torcetrapib yalisimamishwa. Iliipandisha HDL sana, lakini waliokuwa wakiimeza walikufa zaidi. Kwa hiyo 1.9 yako isikupe usingizi wakati kuna 6.2 pembeni.

Rudi kwa daktari wako. Mwombe akupime pia tezi ya shingo, figo na sukari, maana zikiwa na hitilafu nazo hupandisha LDL. Akushike kano ya nyuma ya kisigino kuona kama kuna uvimbe mgumu, na akuangalie macho kama kuna duara jeupe kuzunguka kioo. Kama unatarajia kupata mtoto mwingine, mwambie kabla, kwa sababu statini kwa kawaida husitishwa wakati wa ujauzito. Na wapeleke watoto wako wote wawili wapimwe mafuta. Ikiwa umerithi kasoro hii, kila mmoja wao ana nusu kwa nusu ya kuipata. Baba mdogo naye awapeleke watoto wake.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Huu uchunguzi wa jeni si mambo ya Wazungu? Na je, mtu wa kawaida kama mimi niende kupima jeni?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Salama, ndugu yangu. Ile PCSK9 iliyoharibika ni nadra sana kwa Wazungu. Ni damu ya asili ya Afrika iliyoionyesha dunia, kisha ikaonekana Zimbabwe pia, akiwemo mwanamke kijana mwenye afya njema aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, LDL yake kama 0.4 tu. Kutokana na ujuzi huo zimetengenezwa sindano za kuzuia PCSK9, evolocumab na alirocumab, zilizoidhinishwa mwaka 2015. Bei yake bado ni mlima kwa wengi wetu, na hilo linaniuma, kwa kuwa jeni ni zetu. Uganda, maelfu ya wakazi wa Kyamulibwa wametoa damu zao kwa uchunguzi wa namna hii, nami natamani kuona vituo kama hicho Pwani na Bara.

Kupima jeni huna haja ya kuanza nako. Kipimo cha mafuta kwenye damu kinatosha. Kama kwenu kuna aliyepata mshtuko wa moyo kijana, ulizia pia kipimo cha lipoproteini ndogo a, yaani Lp(a), chembe nyingine inayobeba mafuta kwenye damu, ambayo huwa juu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Hiyo hurithiwa na haibadiliki sana, ukiipima mara moja inatosha.