Kuchangia LibreOffice bila kujua kuandika programu

Inawezekana ndugu yangu kuchangia LibreOffice, ile programu huria ya kazi za ofisi; kuandika programu si lazima, unaweza kusaidia kutafsiri menyu zake. Tafsiri za LibreOffice zinafanywa kwenye Weblate, yaani tovuti ya kutafsiria programu: unafungua akaunti, unachagua Kiswahili, unaandika pendekezo lako, basi. Mimi nafanya hivyo usiku hapa Wete kwa bando la simu, na sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Kitu kimoja ukiangalie sana: ukikuta kistari cha chini kabla ya herufi, kama _Hifadhi, usikifute. Ndicho kinachomwezesha mtu kubonyeza Alt pamoja na herufi hiyo badala ya kutafuta kipanya. Malipo hakuna, na pendekezo linaweza kukaa mpaka mwenye ruhusa alipitishe. Andika Kiswahili fasaha tu, menyu hizo watazisoma watoto wa skuli.