Kuonja IPA ya ukungu: anza na pua

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kaunta huku pwani ya mashariki ya Unguja, nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza Paje, mgeni mmoja wa Marekani alikuja na makopo yake manne ya bia, akaniomba nimhifadhie kwenye friji. Jioni akanipa moja nionje. Nilipolimimina nikaona kitu kama juisi ya nanasi isiyochujwa. Nikamwambia kwa adabu kuwa imeharibika, nikaimwaga kwenye sinki mbele ya macho yake. Kumbe ndivyo inavyotakiwa iwe. Na mimi ni mtu wa Moshi, nimekulia kwenye mbege, kinywaji ambacho hakijawahi kupitisha mwanga hata siku moja!

Bia hiyo huitwa IPA ya ukungu; IPA ni kifupi cha India Pale Ale, aina ya bia yenye hopsi nyingi. Mtindo wake ulianzia Vermont, Marekani, na kiwanda kinachotajwa sana ni The Alchemist, watengenezaji wa Heady Topper. Ukungu wake hautokani na hamira iliyoachwa ikielea. Unatokana hasa na protini za nafaka, maana humo huongezwa ngano na oti pamoja na shayiri, zikishikana na chembechembe za hopsi. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, ndiyo yanayoipa bia uchungu na harufu. Katika IPA hii mengi hutiwa mwishoni, moto ukishazimwa, na mengine bia ikiwa imeshapoa, ili harufu ibaki na uchungu usizidi. Kwa hiyo mgeni akikuuliza ni tunda gani limetiwa humo, mjibu kwa ujasiri: kwa kawaida hakuna tunda lolote. Embe unalolinusa ni ua.

Sasa pua. Hapa ndipo wengi hujidharau bila sababu. Utasoma maelezo ya wenzetu yaliyojaa matunda ambayo hujawahi kuyashika, nawe ukaanza kuyakariri. Acha. Nenda soko la Darajani asubuhi ukanuse. Chenza na danzi havifanani, balungi lina uchungu wake kwenye ganda, embe boribo si embe dodo, pasheni ina ugwadu ambao nanasi halina. Pera lililoiva sana, fenesi, mchaichai, vyote nimewahi kuvikuta kwenye glasi. Hopsi ya Citra mara nyingi hunipeleka kwenye ndimu na embe. Sabro, hopsi nyingine, huwa na harufu ya nazi, na mara ya kwanza nilidhani kuna mtu kapitisha tui karibu yangu. Andika jina la tunda ulijualo. Jaji wa bia aliyekulia London atakuonea wivu.

Ila pua hiyo uilinde. Siku ya kuonja usijipake udi wala manukato, na usile urojo wenye pilipili nusu saa kabla. Glasi isuguliwe na isuuzwe mpaka sabuni iishe kabisa; ukiona mapovu yamegandia ukutani kama nzi, bado ina mafuta. Bia yenyewe usiigandishe kwenye friza. Kwa bia za kawaida tunamwuliza mteja "ya baridi au ya moto?" Hii haina swali hilo: itoe kwenye friji, ipumzike kidogo ifike kama nyuzi 7 hadi 10. Baridi kali huificha harufu, nayo ndiyo mteja aliyoilipia. Mimina, funika kwa kiganja, zungusha glasi, kisha nusa mara mbili tatu kwa pumzi fupi. Andika kwanza, onja baadaye.

Mdomoni itafute ile hali laini, nzito kiasi, kama uji mwepesi uliochujwa vizuri. Uchungu uwepo lakini ukae nyuma. Mwongozo wa BJCP, chama cha Marekani kinachofundisha majaji wa bia, unaipa kilevi cha asilimia 6 hadi 9, kwa hiyo onja kwa funda dogo na usione haya kutema. Ukikuta ukakasi kama wa ndizi mbichi, au koo linakereketa, hopsi zimezidi au bia bado changa. Ukinusa siagi, uchachushaji haukwenda sawa. Na vipande vinavyoelea kama chicha ni kasoro. Ukungu si ruhusa ya uchafu.

Adui mkubwa hapa kwetu ni safari. Kopo limevuka bahari, likakaa Dar, likavuka tena mpaka bandari ya Malindi hapa Unguja, na pengine likalala stoo yenye bati la moto. Joto na hewa huiua bia hii haraka kuliko bia nyingine nyingi. Rangi yake ya manjano hugeuka ya kijivu au kahawia kama maji ya ukwaju, matunda hutoweka, hubaki harufu ya boksi lililolowa. Soma tarehe chini ya kopo kabla hujalinunua, na lihifadhi kwenye baridi tangu siku linapoingia.

Kwenye alama, BJCP hutumia 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hali ya mdomoni 5, na 10 za jumla. Tazama hiyo 3. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nikikumbuka ile sinki ya Paje.

Siku hizi nafanya kazi na kijana mmoja wa Pemba. Hanywi, na hakuna anayemlazimisha, lakini huwa namwomba anuse. Mwezi uliopita nilifungua kopo la shehena mpya, rangi safi, povu jeupe limesimama, nikawa nimeshaanza kuandika 38. Akaisogeza glasi puani, akakunja uso.

"Kaka, hii mbona yanuka jamvi la karafuu lililonyeshewa?"

Nikanusa tena, taratibu. Nikaonja. Nikafuta 38, nikaandika 24.