Kabla ya kulipia nguo, igeuze ndani nje

Nashona nguo hapa Kigoma, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kwa nini mtu ahangaike kununua kitambaa, atafute fundi, asubiri, wakati pale sokoni Mwanga magauni yananing'inia tayari na bei ni nafuu? Ni swali la haki kabisa. Jibu langu linaanzia ndani ya nguo, kwenye mishono.

Chukua gauni la dukani la bei ya chini uligeuze. Mshono wa ubavuni umepigwa ovaloki, ile mashine inayoshona na kuzungushia ukingo nyuzi, na kukatwa hapohapo, kilichobaki hakifiki hata upana wa kidole. Anayetengeneza nguo kwa maelfu anabana kitambaa, kwa sababu kila sentimita anayookoa ni fedha yake. Lakini mwili wa mtu haubaki vilevile. Ukinenepa, ukibeba mimba, ukianza kunyonyesha, gauni lile halina pa kupanukia.

Sasa geuza gauni la fundi anayejua kazi. Ubavuni kumeachwa akiba ya inchi moja kila ukingo. Kwa mbavu mbili, hizo ni inchi nne. Ukibakiza nusu inchi ya kushikia mshono, bado unapata inchi mbili za kuongeza kiunoni. Pindo la chini limekunjwa pana, zipu inang'oleka na kuwekwa nyingine. Nguo inayofumulika na kushonwa upya ndiyo ninayomshauri mtu atoe fedha yake kuinunua.

Dada mmoja anayeanika dagaa Katonga aliniletea gauni lake la kitenge baada ya kujifungua. "Mama, hili si ndiyo basi tena?" Nikalifumua mbavu zote mbili kwa wembe, uzi kwa uzi. Tatizo likajitokeza: kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani kilikuwa bado kinang'aa, na kile cha nje kilishapigwa jua na sabuni. Ukishona hivyohivyo, mistari miwili ya rangi kali inabaki ubavuni, kila mtu anajua gauni limeongezwa. Nikakata utepe mwembamba wa kitambaa cheusi, nikaushona juu ya mstari ule kutoka kwapani mpaka chini, pande zote mbili. Likatoka gauni lenye mshono mpya, na bado analivaa.

Kazi ya dagaa inanikumbusha jambo la kitambaa. Kwa joto letu na shughuli za ziwani, vaa pamba. Poliesta inashikilia jasho na harufu hata baada ya kufuliwa. Usitegemee anachokwambia muuzaji. Chomoa uzi kwenye ukingo wa kitambaa, uwashe kwa kiberiti, ukiwa umeushika na kibanio. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalopukutika. Poliesta inayeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Kitenge kigeuze pia uangalie nyuma: kilichotengenezwa kwa nta kweli rangi yake imepenya pande zote mbili, na cha kuchapwa upande mmoja huwa kimefifia nyuma. Hicho cha pili si haramu, ila usikilipie bei ya cha kwanza.

Ukishanunua kitambaa, kiloweke kwenye maji ya baridi usiku kucha, ukianike, ndipo umpelekee fundi. Vitenge vingi vinakuja na wanga unaovifanya vionekane vizito, na pamba hunywea inapofuliwa mara ya kwanza. Heri kinywee kikiwa bado kitambaa kuliko kinywee kikiwa gauni. Hatua hii watu wengi wanairuka, na lawama wanampa fundi.

Kuna wanaoniambia kwamba kitenge chenyewe kimetoka kiwandani, mara nyingi ng'ambo, sasa kazi ya mkono iko wapi? Wana hoja. Vitenge vingi tunavyoshona Kigoma vimevuka mipaka, vingine vimepitia kwa wenzetu wa Kongo, ng'ambo ya ziwa. Wala si jambo jipya. Karne ya 19 kitambaa cha merikani kilichofumwa Marekani kilishushwa Unguja, kikabebwa na wapagazi kupitia Tabora mpaka Ujiji, na njiani kote kilitumika kama fedha. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1858, alieleza pia vitanda vya kufumia pamba alivyoviona Unyamwezi. Kwa hiyo watu wa ukanda huu walikuwa wanafuma, na walikuwa wananunua vilevile. Siombi mtu avae magome ya miti. Ninachotaka kibaki hapa ni kazi: kupima, kukata, kushona, kurekebisha. Kazi hiyo ikibaki mtaani kwako, nguo ikiharibika una pa kuipeleka.

Kuhusu fundi, mchague kwa kuangalia kazi yake ya ndani. Omba akuonyeshe nguo ya mteja mwingine iliyokwisha, uigeuze. Hesabu hatua za sindano ndani ya inchi moja: kwenye pamba nyepesi, kumi mpaka kumi na mbili ni kazi nzuri. Zikiwa chache sana, mshono utaachia ukiinama. Mpelekee nguo yako inayokukaa vizuri kama mfano, kwa sababu picha ya kwenye simu haimwambii mabega yako yalivyo. Mwambie kwa mdomo wako, "Niachie akiba ubavuni," maana asipoambiwa anaweza kuikata ili nguo ikae nyepesi. Mkubaliane pia juu ya vipande vinavyobaki. Ni mali yako, na ugomvi mwingi kati ya fundi na mteja unaanzia hapo. Na tafadhali, usimpelekee kitambaa wiki ya mwisho ya Ramadhani ukitegemea kuvaa Idi. Ujiji nzima inakuwa mlangoni kwake, na kazi ya kukesha haiwi kazi nzuri.

Vile vipande ndivyo pa kuanzia kama unataka kujifunza kushona mwenyewe. Watu wanataka kuanza na gauni, wanakata tamaa kwenye mkono na kola. Anza na mfuko wa sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, Juni 1, 2019, kila nyumba inahitaji mfuko imara, na ile ya kununua sokoni haichelewi kuachia mpini. Tatizo lake ni kwamba mpini umeshikizwa pale mdomoni tu. Wewe fanya hivi: kata mpini mrefu wa kitambaa, uushone kuanzia chini kabisa ya mfuko, uupandishe juu, utokeze kama kishikio, urudi kushuka mpaka chini tena. Uzito wa viazi unabebwa na mpini wote. Pale unapotokea mdomoni shona kisanduku kidogo chenye msalaba ndani yake. Ndani weka bitana ya kitambaa kigumu, hata kiroba cha unga kilichofuliwa kinafaa. Cherehani ya kukanyaga inatosha kabisa. Weka sindano namba 16, kwa sababu namba 14 ya kitenge inaweza kuvunjika kwenye matabaka hayo. Huna cherehani? Shona kwa mkono, uzi uwe mara mbili, kila hatua irudi nyuma nusu. Inachukua muda, lakini inashika.

Kikapu cha ukindu nacho usikisahau. Kabla ya kukinunua kibonyeze kwenye kona za chini, maana ndipo kinapoanza kuachia, kisha uvute mshikio kwa nguvu mbele ya aliyekisuka. Msukaji anayejiamini hatakukataza.

Si kila kitu nashauri kishonwe. Sidiria, soksi na fulana za kuvutika nunua tu, mashine za kiwandani zinazifanya vizuri kuliko sisi. Mitumba pia siichukii. Shati kubwa la pamba la mitumba ni kitambaa kizuri kilichokwisha kunywea, na fundi anaweza kulikata likawa mashati mawili ya watoto. Sare za shule, hizo ukiweza zishonwe, na pindo la suruali na sketi likunjwe inchi tatu. Kila mtoto akirefuka unateremsha kidogo, unapiga pasi yenye moto na kitambaa chenye maji ili alama ya mkunjo wa zamani ipungue, na kama bado inaonekana, unapitisha mshono wa mapambo juu yake.