Maswali na Majibu: Kuanza Kazi ya Uhisani Unaopambana na Ubaguzi wa Rangi

Barua kadhaa nilizopokea mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani, na zote zinazunguka jambo moja: mtu afanyeje ili apate kazi katika wakfu au mfuko unaotoa ruzuku za kupambana na ubaguzi wa rangi? Niliomba ruzuku kwa miaka mingi kabla sijahamia upande wa kuzitoa, na majibu yangu yanatokana na pande zote mbili za meza hiyo.

Shikamoo mama. Namaliza shahada ya ustawi wa jamii hapa Columbus, Ohio, na ninatamani kuwa ofisa programu, yaani yule anayepitia maombi na kupendekeza nani apewe ruzuku, katika wakfu unaoshughulikia usawa wa rangi. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuelewa fedha zenyewe zinakaa wapi, kwa sababu mahali zinapokaa ndipo panapoamua nani anasikilizwa. Upo wakfu binafsi, ambao kwa kawaida huanzishwa kwa mali ya tajiri mmoja, familia moja au kampuni. Ipo mifuko ya jamii, inayokusanya michango na wosia za watu wengi wa eneo moja, na wa kwanza kati yake ulianzishwa Cleveland, katika jimbo lako hilo hilo, mwaka 1914. Halafu ipo mifuko inayolazimika kuchangisha kwanza ndipo igawe, na vikundi vidogo vya kutetea haki mara nyingi hupata huko ruzuku yao ya kwanza, kabla wakfu mkubwa wowote haujawajua. Sheria ya kodi ya Marekani inautaka wakfu binafsi utumie kila mwaka kiasi cha asilimia 5 hivi ya thamani ya mali yake, na gharama halali za kuendesha utoaji wa ruzuku, mishahara ikiwemo, zinahesabiwa humo. Sehemu kubwa iliyobaki huwekezwa. Kijana anayeingia katika fani hii bila kujua jambo hilo hushangaa kwa nini wakfu wenye mabilioni unabishana juu ya ruzuku ya dola 30,000.

Sasa nikushauri jambo ambalo huenda hukulitegemea: usianzie kwenye wakfu. Nenda ukafanye kazi miaka miwili au mitatu katika shirika linaloomba fedha, iwe chama cha wapangaji, kituo cha msaada wa kisheria au kikundi kinachofuatilia mwenendo wa polisi. Andika maandiko ya miradi, kusanya risiti, tayarisha taarifa za robo mwaka, subiri majibu yasiyokuja. Nakumbuka kikao kimoja cha kupitia maombi katika wakfu niliokuwa nafanyia kazi, ambapo ombi la wanawake wa mtaa mmoja waliokuwa wakizuia familia kufukuzwa katika nyumba zao liliwekwa kando kwa sababu tu lugha yake haikuwa ya kiofisi. Niliumia sana, maana nilikuwa nimewahi kuandika maombi ya namna ile usiku baada ya kazi, watoto wamelala. Ofisa programu aliyewahi kukaa upande wa pili huinua simu na kuwauliza wale wanawake wanachokifanya. Asiyewahi kukaa huko hupima ufasaha, na ufasaha huo hununuliwa na mashirika yenye uwezo wa kuajiri waandishi.

Ukiwa huko, jiunge mapema na mitandao ya watu wa fani. ABFE, iliyoanzishwa mwaka 1971 na Wamarekani Weusi waliokuwa wakifanya kazi katika wakfu mbalimbali na kuchoshwa na upweke wao humo, ina programu ya kuwalea viongozi. EPIP, iliyoanza mwaka 2001, inawahusu hasa walio mwanzoni mwa safari kama wewe. Nafasi za kuingilia kwa kawaida ni msaidizi wa programu au msimamizi wa ruzuku. Usiidharau hii ya pili, kwani msimamizi wa ruzuku ndiye anayeona ni masharti gani yanayowanyonga wapokeaji, na mara nyingi ndiye pekee anayejua namna ya kuyapunguza.

Je, ni lazima niwe na shahada ya uzamili?

Si lazima, ingawa matangazo mengi ya kazi huitaja. Chuo Kikuu cha Indiana kina kitivo kizima cha masomo ya uhisani mjini Indianapolis, na mafunzo yake ni mazuri kwa anayeyamudu. Lakini usikope fedha nyingi kwa ajili ya shahada kabla hujajua kama kazi yenyewe unaipenda.

Kanisa letu hapa Atlanta hugawa chakula na sare za shule kwa familia maskini za Weusi. Kwa nini watu wa fani yenu husema kwamba huo si uhisani wa haki?

Kugawa chakula ni jambo jema, na simshauri mtu yeyote aliache. Tofauti iko katika swali linaloulizwa. Anayegawa chakula huuliza nani ana njaa leo. Anayefadhili haki huuliza ni sheria ipi, au utaratibu upi wa benki, uliofanya njaa ikae mtaa huu na si ule. Katika miaka ya 1930 ramani za serikali za kupima usalama wa mikopo ya nyumba zilipaka rangi nyekundu mitaa ya Weusi katika miji mingi ya Marekani, na familia zilizonyimwa mikopo hazikuwa na nyumba ya kuwarithisha watoto wao. Mkate hauwezi kuifuta ramani hiyo.

Hata hivyo historia haitupi mgawanyo rahisi wa wema na wabaya, na ningependa tukae hapa kidogo. Julius Rosenwald, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Sears, alianza mwaka 1912, kwa ushauri wa Booker T. Washington, mwalimu Mweusi aliyeongoza chuo cha Tuskegee, kufadhili ujenzi wa shule za watoto Weusi vijijini Alabama. Kufikia mwaka 1932 zilikuwa zimejengwa karibu shule 5,000 katika majimbo 15 ya Kusini. Sharti lake lilikuwa kwamba jamii yenyewe ichange na serikali ya eneo ichange, na Weusi maskini, wengi wao wakulima wasio na ardhi yao, walichanga kwa fedha, mbao na nguvu zao hadi mchango wao ukauzidi ule wa mfuko wake. Tusisahau kwamba watu hao walikuwa pia wakilipa kodi iliyojenga shule za Wazungu, kwa hiyo walizilipia shule mara mbili. Shule hizo ziliwafungulia maisha watoto wasiohesabika. Hazikuigusa sheria iliyowatenga.

Mfuko mwingine uligusa sheria. Kijana aliyeitwa Charles Garland alirithi mali asiyoitaka, akaitoa, na mwaka 1922 ukaundwa mfuko ambao baadaye uliisaidia NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kuanza kampeni ya kupinga mahakamani utengano katika shule. Njia hiyo ilifika mwaka 1954 kwenye hukumu ya Brown, iliyotangaza kwamba utengano katika shule za umma unavunja katiba. Ni ushindi mkubwa, na ruzuku haikuwa kubwa. Lakini wapo wanahistoria wanaotukumbusha kwamba miaka ya kabla ya hapo NAACP iliweka nguvu zake nyingi katika kupinga mauaji ya Weusi mikononi mwa makundi ya wahuni, na kwamba mapenzi ya wafadhili yalikuwa sehemu ya sababu zilizoisogeza kuelekea elimu. Mimi nimeusoma mjadala huo mara nyingi na kila mara najiuliza ni mambo mangapi nimewasogeza watu wayaache kwa sababu tu mfuko wangu haukuyapenda. Ukitaka kipimo cha uhisani wa haki, uliza nani alichagua tatizo la kushughulikiwa.

Mimi nilizaliwa Bukavu na kukulia Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Mababu zangu hawakuuzwa kuletwa huku. Nina haki gani ya kufanya kazi hii?

Swali lako ni la heshima, na linastahili jibu la heshima. Kwanza, mlango tuliopitia wewe na mimi una historia. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965, iliyofuta migawo ya mataifa iliyowapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi, ilipitishwa katika wimbi lile lile la madai ya haki za kiraia ambayo Weusi wa Marekani walikuwa wakipigwa na kuuawa kwa ajili yake. Na kabla ya hapo, mwaka 1959, Tom Mboya alipozunguka Marekani akitafuta nafasi na nauli kwa vijana wa Kenya, walioweka majina yao kwenye barua ya kuomba michango walikuwa Wamarekani Weusi mashuhuri: mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Vijana 81 walisafiri mwaka huo, na baadhi ya wanafunzi wa mpango ule walipokelewa katika vyuo vya Weusi. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy uliahidi dola 100,000, na miongoni mwa waliosafiri mwaka huo wa 1960 alikuwamo Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma Kansas. Watu ambao wao wenyewe walikuwa bado wanazuiwa kuingia hotelini katika sehemu za nchi yao walitusomesha.

Kwa hiyo nafasi unayo, na deni unalo. Deni hilo hulipwa kwa kusikiliza kabla ya kusema. Nimeona wahamiaji wenzetu wakipewa kiti katika bodi kwa sababu wakubwa waliona ni rahisi kuzungumza nao kuliko kuzungumza na Mmarekani Mweusi mwenye hasira halali, na wao wakakikalia bila kujiuliza kwa nini. Ukiona unapendelewa kwa namna hiyo, sema. Lakini pia usijifute. Wewe unajua habari za kambi, za karatasi za ukimbizi, za kutafsiriwa vibaya hospitalini, na Weusi wa Marekani wa leo ni pamoja na watoto wako.

Nitautambuaje wakfu unaomaanisha unachosema, kabla sijaomba kazi?

Soma Fomu 990-PF. Kila wakfu binafsi huijaza kila mwaka kwa ajili ya mamlaka ya kodi, ni hati ya wazi, na unaweza kuipata bure mtandaoni, kwa mfano katika kumbukumbu zinazotunzwa na shirika la habari la ProPublica. Humo mna orodha ya ruzuku zote na waliozipokea, majina ya wajumbe wa bodi, malipo ya wakuu, na mahali fedha zilipowekezwa. Linganisha tamko la haki lililoko kwenye tovuti na orodha hiyo. Angalia kama vikundi vinavyoongozwa na Weusi vinapata ruzuku ya miaka kadhaa isiyofungwa kwenye mradi mmoja, au vinapewa vipande vya mwaka mmoja mmoja huku mashirika makubwa yakipewa miaka mitano. Angalia pia uwekezaji, maana si jambo jema kufadhili wafungwa kwa mkono mmoja na kumiliki hisa za magereza binafsi kwa mkono mwingine. Kisha, kwenye usaili, uliza ni mara ngapi bodi imebadili uamuzi wake kwa sababu wapokeaji waliukataa. Ukimya wa wanaokusaili utakuonyesha mengi.

Nasikia mahakama sasa zinazuia ruzuku za namna hii. Je, nachagua kazi inayokufa?

Mwezi Agosti 2023 Fearless Fund, mfuko wa uwekezaji wa Atlanta, ilishtakiwa kwa kuendesha shindano la ruzuku za dola 20,000 lililokuwa kwa ajili ya wanawake Weusi wenye biashara pekee. Mwezi Juni 2024 mahakama ya rufaa ilizuia shindano hilo, na Septemba pande mbili zikamaliza kesi kwa makubaliano, shindano likafungwa. Sheria iliyotumika ni ile ya mwaka 1866, iliyotungwa kuwalinda watumwa waliokuwa wameachiwa huru wasinyimwe haki ya kufanya mikataba. Siwezi kuandika sentensi hiyo bila uchungu.

Lakini soma uamuzi kwa makini. Ulihusu shindano ambalo mahakama iliona lina sura ya mkataba na limetengewa watu wa rangi moja pekee. Haukuharamisha kufadhili shirika linalopinga ubaguzi katika nyumba, mikopo au mahakama. Hofu imekwenda mbali kuliko sheria, na wakfu kadhaa zimefuta maneno ambayo hakuna hakimu aliyezitaka ziyafute. Ndiyo maana kizazi chako kinahitaji watu wanaoijua sheria yenyewe. Ile ya kodi ya mwaka 1969, kwa mfano, iliwekea wakfu mipaka mikali baada ya ruzuku za kuandikisha wapigakura Weusi kuwakasirisha wanasiasa, na waliofanya kazi hii baada ya hapo walijifunza kila kifungu na kuendelea kutoa.

Mimi ni msaidizi wa wagonjwa majumbani, nina miaka 52. Kazi ya ofisi sitaipata. Je, hakuna njia yangu?

Ipo, dada yangu. Mwaka 1956, wakati Weusi wa Montgomery, Alabama, walipokuwa wamesusia mabasi kwa siku 381, mpishi aliyeitwa Georgia Gilmore alitoa ushahidi mahakamani katika kesi ya Martin Luther King na akapoteza kazi yake. Yeye na wanawake wenzake walipika kuku, keki na pai, wakauza, na fedha wakazipeleka kwenye mikutano zikasaidie magari yaliyokuwa yakiwabeba watu kwenda kazini. Kikundi chao walikiita Club from Nowhere, yaani Klabu Isiyotoka Popote, ili mchangiaji aliyeogopa kufukuzwa kazi aweze kusema kweli kwamba fedha hazikutoka popote.

Wewe na wenzako bila shaka mna upatu au kikoba. Tengeni kiasi kidogo cha kila mwezi, hata dola 10 kwa kila mtu, na mwisho wa mwaka mwalike vikundi vitatu vya mtaani kwenu waje waeleze kazi yao, bila andiko, kwa mdomo na kwa lugha wanayoitaka. Kisha mkae mwamue. Mifuko mingi ya jamii hukubali kuhifadhi fedha za vikundi vya namna hii na kushughulikia upande wa kodi. Piga simu kwa ule wa mji wako, uulize kuhusu vikundi vya wachangiaji wa pamoja, na uulize kiwango cha chini wanachopokea na ada yao kabla hujasaini chochote.