Nani Kaliondoa Lile Neno?

Barua za mwezi huu karibu zote zimegonga palepale: mtu kanunua toleo jipya la wimbo wa rock anaoujua tangu utotoni, kausikiliza, kakuta neno limebadilika. Basi leo tunazimaliza kwa pamoja, maswali ya gitaa yatasubiri.

Shikamoo mzee wa santuri. Marehemu baba mdogo aliniachia kaseti ya Steve Miller Band, wimbo wa "Jet Airliner" naujua kama jina langu. Juzi nimepata sidii ya Greatest Hits imeandikwa rimasta, niko nayo kwenye foleni, pale kwenye lile neno chafu kuhusu mambo ya mjini nishafungua mdomo niimbe nalo, jamaa anaimba "kicks"! Nimerudisha nyuma mara tatu. Nani kaliondoa, na kwa ruhusa ya nani? — Dereva wa Mikocheni, Dar es Salaam

Marahaba, na pole kwa kubaki mdomo wazi mbele za watu. Ila aliyekufanyia hivyo si mtu wa juzi. Hiyo "kicks" ni ya 1977, mwaka uleule wa lile neno lenyewe. Wimbo ulitoka kwa sura mbili: kwenye albamu ya Book of Dreams neno lipo limenyooka, kwenye singo ya kupelekwa redioni ikawekwa "kicks" na wimbo ukafupishwa juu yake. Mwaka 1978 ikatoka Greatest Hits 1974–78, wakabeba ile ya singo, na toka hapo kila anayechapisha upya anachapisha kilekile. Albamu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake, kwa hiyo kuna watu wamezeeka hawajui kama kuna neno lingine. Kaseti ya baba yako mdogo bila shaka ilikuwa Book of Dreams yenyewe. Na hilo neno "rimasta" lisikuchanganye, wanachofanya ni kusafisha sauti, besi ikae vizuri, matoazi yasikwaruze, maneno hayawahusu. Ukiwapelekea mkanda uliokatwa watakurudishia mkanda uliokatwa, ila unang'aa.

Uoga wenyewe ulitoka redioni. Kule Marekani leseni za vituo ziko mikononi mwa FCC, mamlaka ya serikali ya mawasiliano, na mwaka 1973 kituo kimoja cha New York kilirusha mchana kweupe kichekesho cha George Carlin kuhusu matusi ambayo hutakiwi kuyasema hewani, mzee mmoja akashtaki kwamba alikuwa na mwanae garini, kesi ikapanda ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1978 majaji wakasema FCC ina haki ya kuwaadhibu. Sasa we ni meneja wa kituo, kesi kama hiyo iko mahakamani, unaletewa singo yenye lile neno, utaicheza saa nne asubuhi? Hata Pink Floyd yaliwakuta kwenye "Money" mwaka 1973, vituo vya Marekani vilitumiwa singo yenye neno zima, kisha wakatumiwa nyingine ambayo unasikia "bull" halafu kimya, kama mtu kapaliwa.

Halafu hukuuliza ila nakwambia tu: "Jet Airliner" si wimbo wa Steve Miller. Aliutunga Paul Pena, mwanamuziki kipofu wa asili ya Cape Verde, akaurekodi 1973, na albamu yake ikafungiwa kabatini kwa ugomvi na waliokuwa wanamsimamia, haikutoka mpaka mwaka 2000. Miaka 27! Sisi tunalilia neno moja.

Mkuu, nina ubishi na shemeji yangu. Mimi nasema toleo lenye matusi ndo la asili, yale mengine yote yamechakachuliwa na makampuni. Yeye anasema siyo lazima. Tuamulie. — Mbishi wa Kisauni, Mombasa

Shemeji yako kashinda, mnunulie soda. Tena soda ndo yenyewe, manake mfano wangu wa kwanza ni "Lola" ya Kinks, 1970. Kwenye albamu Ray Davies, mwimbaji wao, anaimba Coca-Cola. BBC wakasema hatutangazi biashara za watu, hiyo haipigwi hapa. Bendi iko Marekani kwenye ziara, jamaa akapanda ndege mpaka London kwenda kuimba neno moja, cherry badala ya Coca, akarudi kazini. Sasa niambie, ipi ni ya asili? Zote kaimba yeye kwa mdomo wake, singo ikatoka Juni, albamu ikaja Novemba, kwa hiyo Waingereza wengi walianza kuijua ile "iliyochakachuliwa". Kinachonichekesha ni kwamba wimbo unamhusu kijana aliyekutana na mrembo kwenye klabu ya Soho akaja kugundua mrembo huyo ni mwanaume, na hapo BBC hawakuwa na shida, shida yao soda.

MC5, bendi ya rock ya Detroit, nao hivyohivyo. Walirekodi "Kick Out the Jams" laivu Detroit, ukumbi wa Grande Ballroom, Oktoba 1968, na mwimbaji Rob Tyner anaufungua kwa ukelele wenye tusi zito linalohusu mama za watu. Kwenye singo ukelele ukawa "brothers and sisters". Kabla hujaanza kulaumu kampuni sikia mwisho wake: duka kubwa la Hudson's pale Detroit likakataa kuiuza albamu yenye tusi, bendi wakalipia tangazo gazetini wakalitukana duka kwa jina, na chini ya tangazo wakabandika nembo ya Elektra, kampuni yao wenyewe. Hudson's wakaziondoa santuri zote za Elektra, siyo za MC5 tu, ZOTE, na Elektra wakawatimua vijana. Mimi napenda sana toleo la tusi, sitadanganya, lile la "brothers and sisters" linasikika kama mchungaji anaanza ibada. Ila kusema moja halali lingine haramu, hapana, yote mawili yana historia na ningependa kila anayechapisha upya ayaweke yote mawili kwenye sidii moja aandike wazi hili lipi na lile lipi. Kinachoniudhi ni anayeficha.

Habari kaka. Niko Toronto, mume wangu ana santuri ya Brothers in Arms ya Dire Straits, ya 1985, na mimi nasikiliza kwa simu. "Money for Nothing" yangu ina ubeti pungufu, halafu yake nayo ni fupi kuliko sidii yetu! Tumechoka kugombana. — Mama wa Toronto

Nzuri dada. Nyote wawili mmekatwa, ila na visu tofauti. Kwenye sidii wimbo una dakika 8 na sekunde 26. Santuri ya mwaka huo haikuwa na nafasi, ukijaza upande mmoja muda mrefu sauti inadhoofu, kwa hiyo wakaupunguza hadi dakika 7 na kidogo. Hapo hakuna maadili, ni sentimita tu za plastiki. Matoleo ya baadaye ya santuri mbili yamerudisha urefu wote.

Wako wewe ndo umekatwa kwa ajili ya maneno. Ubeti wa pili una neno la kuwadhalilisha mashoga, linarudi mara tatu, na singo iliuruka ubeti wote toka mwanzo. Mark Knopfler, mwimbaji wa Dire Straits, maelezo yake ni kwamba anayeongea si yeye, ni mbeba mizigo wa duka la vyombo vya umeme New York ambaye alimsikia kwa masikio yake akiwaponda wanamuziki kwenye TV. Huko kwenu Kanada ndo kulichimbika: msikilizaji mmoja wa Newfoundland alilalamika 2010, Januari 2011 baraza la viwango vya utangazaji likasema wimbo usipigwe bila kukatwa, na kuna vituo vya rock vikanuna vikaupiga mzima mfululizo saa nzima. Mwaka huohuo baraza likalegeza, kila kituo kiamue chenyewe. Mimi ubeti ule namwelewa Knopfler alichotaka, lakini pia siupigi sebuleni wageni wakiwepo, sasa sijui hiyo inanifanya kuwa nani.

Je, kuna bendi iliyojifuta yenyewe kwenye toleo jipya? — Mdadisi, Arusha

Ipo. Guns N' Roses walipotoa boksi kubwa la Appetite for Destruction mwaka 2018 waliingiza humo nyimbo za G N' R Lies ya 1988, isipokuwa moja, "One in a Million", ile yenye matusi kwa watu weusi, wahamiaji na mashoga. Hawakuikata, wameiacha tu nje. Anayeitaka bado ataikuta kwenye sidii ya zamani.

Mzee, kabla sijatoa hela yangu nitajuaje ni toleo lipi? Kijitabu cha maneno ndani ya kasha kinasaidia? — Mwanafunzi, Nairobi

Angalia dakika. Ukiona "Jet Airliner" ya dakika tatu na nusu hiyo ni "kicks", albamu inakaribia nne na nusu. Ukiona wameandika single version au single edit nyuma ya kasha, ujue kuna kilichopungua. Kwenye apu kile kiherufi E (explicit, yaani kuna matusi) kinasaidia lakini kwa nyimbo za zamani kuna watu walisahau kukiweka.

Kijitabu usikiamini. Kuna "Brown Eyed Girl" za Van Morrison ambazo kijitabu kina maneno ya kukimbia na kucheka, ukiweka sidii anaimba yale ya kufanya mapenzi kwenye nyasi. Na nina santuri ya Volunteers ya Jefferson Airplane, 1969, kwenye "We Can Be Together" wanaimba tusi la mama zima bila aibu, lakini kampuni kwenye karatasi ya maneno ikachapisha "fred" mahali pake. Mwanangu alipokuwa mdogo aliisoma huku wimbo unaenda, akaniuliza baba, huyu Fred kafanya nini?