Fundi wa Kupaua: Dai Orodha Kabla ya Bei

SWALI: Asalaam aleikum. Ninajenga Sahare, Tanga, na kuta zimeshafika juu. Nyumba ni mita 10 kwa 8, paa la mgongo wa tembo (la pande mbili), kofia, yaani bati la juu kabisa pande hizo zinapokutana, italala kwenye ule urefu wa mita 10. Nimeita mafundi watatu. Mmoja kasema mabati 30, wa pili 38, wa tatu kataja bei ya jumla tu, tena ndiye wa bei ya chini. Nimwamini yupi?
*Mama Zuhura, Sahare*

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Huyo wa tatu msubirishe mpaka alete orodha ya vifaa. Bei ya jumla huwezi kuikagua, na anayepunguza bei bila kuonyesha vifaa mara nyingi hupunguza mbao, unene wa bati na misumari, vitu usivyoviona ukiwa chini.

Wawili waliobaki wapime hivi. Tuseme paa litoke nje ya ukuta sentimita 60 kila upande, kwa mwinuko wa nyuzi 25. Kutoka kofia hadi ukingo wa chini ni takriban mita 5.1, na urefu wa paa unakuwa mita 11.2. Bati la migongo mipana linalofunika sentimita 75 baada ya kulaliana litaingia mara 15 kila upande, yaani 30, yakikatwa kiwandani kwa urefu huo. Bati la upana mdogo linalofunika sentimita 60 litaingia mara 19, na hapo ndipo inapotoka 38. Kwa hiyo huenda wote wawili ni wakweli, ila kila mmoja ana bati lake kichwani. Muulize kila mmoja: bati la upana gani, geji (kipimo cha unene) ngapi, linakatwa urefu gani? Anayejua kazi atajibu papo hapo. Kumbuka geji 28 ni nene kuliko 30. Namba ikipanda, bati linapungua unene.

Orodha iseme pia vipimo vya mbao na kama zimetiwa dawa, umbali kati ya kenchi na kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa (mita 1.2 ni salama), umbali wa papi, mbao za juu ya kenchi zinazogongewa bati (sentimita 90 au pungufu), na kenchi zitafungwaje ukutani. Hili la mwisho wengi hulipuuza. Upepo hauishii kulisukuma paa, huliinua, na kenchi iliyogongewa msumari tu hung'oka. Waya mnene au vyuma bapa vianzie ndani ya linta (mkanda wa zege wa ukutani), ncha zake zizungushwe kwenye mbao. Muulize aanzie upande gani kugonga bati. Hapa kwetu mvua za masika huja na kusi, upepo utokao kusini, hivyo aanze upande wa kaskazini akielekea kusini, ili mdomo wa maungio uupe upepo mgongo.

Kisha mwombe akupeleke kwenye nyumba alizopaua, ziwe zimepita masika mawili. Ingia ndani ukatazame dari: madoa ya rangi ya chai chini ya kofia au kwenye pembe yanaonyesha panapovuja. Nje, misumari iwe juu ya mgongo wa bati, kamwe isiwe bondeni maji yanapopita.

Kama anayekuja ni kampuni, dai cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi na uhakiki jina kwa Bodi yenyewe. Fundi wa mtaani muandikiane mbele ya serikali ya mtaa. Vifaa nunua mwenyewe. Ufundi ulipe kwa hatua: kidogo akianza, kenchi zikisimama, papi zikiisha, bati likikamilika, na asilimia 10 ibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Fundi anayejiamini hagombani na hiyo asilimia 10.

SWALI: Fundi wangu anakata bati kwa grainda akiwa juu ya paa. Kuna ubaya?
*Msomaji, Raskazone*

JIBU: Upo, tena mkubwa kwa nyumba iliyo karibu na bahari. Cheche huunguza rangi na tabaka linalokinga chuma, kisha chumvi ya hewani inapata pa kuanzia kutu. Atumie mkasi wa bati, na akatie chini. Kama ameshakata, afagie paa lote leo kwa brashi laini kabla umande haujashuka, maana vumbi la chuma hushika kutu kwa usiku mmoja na kuacha madoa.