Nikistaafu nitakaa wapi: jibu langu kwako mwanangu

Mwanangu mpenzi, meseji yako nimeisoma. Umeniuliza nikifikisha 60 na serikali ikinistaafisha nitakaa wapi, nije kwenu Kira, hapo pembeni ya Kampala, kwenye kile chumba mlichojenga nyuma au nirudi nyumbani Arua. Sikutaka kukujibu kwa simu haraka haraka, nataka usome polepole afu umsomee na mume wako.

Kira hapana. Asanteni sana kwa chumba, Mungu awabariki, lakini mume wako ni Muganda na mambo ya mkwe kwao unayajua kuliko mimi, mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Krismasi ile nilipolala kwenu, akiingia sebuleni mi nanyanyuka, akiwa kwenye korido nangoja kwanza apite ndio niende chooni, na yeye maskini anakula nje barazani mbu wanamuuma ili mimi nikae kwa raha. Siku tatu tunaweza, miaka ishirini hapana. Ni kijana mzuri, ananiheshimu, na sitaki heshima hiyo imgeukie mzigo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Afu asubuhi nyote mnatoka, nabaki na dada wa kazi na televisheni mpaka giza linaingia, mimi niliyezoea wodi imejaa watu!

Arua moyo wangu uko huko, baba yenu amelala huko, na siku yangu ikifika mnipeleke nilale karibu naye, hilo halina mjadala. Ila kuzikwa ni kitu kimoja na kuishi ni kingine. Nina presha, na kutoka Kampala ni karibu kilomita 500, unakumbuka mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo mabasi yakawa yanazungushwa njia ndefu, sasa nikianguka siku kama ile wewe utafika saa ngapi? Na nimewaona manesi wenzangu waliotangulia, kiinua mgongo chote wanakimwaga kwenye nyumba kubwa kijijini, watoto wanakuja Krismasi moja wanapiga picha basi, mama anabaki anafagia vyumba sita peke yake mpaka anahamia kimoja na vingine anafunga. Hiyo hela ikiisha imeisha, na zile elfu 25 za wazee kwa mwezi serikali inampa aliyefikisha miaka 80.

Kwa hiyo nimeamua Bombo, ule mji wa jeshi. Najua utashangaa, lakini fikiria vizuri, mimi nimekulia kwenye kambi ya jeshi, Kiswahili ndio nimechezea utotoni, na Bombo nikienda sokoni nasalimia watu kwa Kiswahili wananijibu, sihitaji mtu wa kunitafsiria bei ya nyanya. Kutoka Kampala ni kama kilomita 35 tu, ukitoka kazini unapanda taksi na jioni hiyo hiyo umefika, na mimi hospitali ya Mulago naenda kupima na kurudi siku moja. Afu basi la Arua linapita barabara hiyo hiyo, kukiwa na msiba nyumbani naenda bila kuingia kwenye jamu ya Kampala kwanza. Wajukuu waje likizo wakae na jaja wao wiki nzima, wapike na sigiri ya makaa, wajifunze lugha, hilo nalitaka sana mwanangu, nalitaka kuliko kuwaona kila siku wakiwa wamechoka na homuweki.

Kiwanja sinunui kwanza. Huko ardhi nyingi ni ya mailo, mwenye hati mwingine na mwenye kibanja, yaani anayeikalia na kuilima, mwingine, lazima nikae kwanza niwajue majirani na nani anamdai nani. Nitapanga kwa pensheni yangu, na shamba la Arua kaka yako aendelee kulilima.

Mwisho wa mwezi ukipata nafasi twende wote tuangalie vyumba, viwili vinatosha, maji yawe ndani na pasiwe na ngazi, goti langu unalijua. Na kile chumba cha nyuma kipangisheni, hela yake iwasaidie ada ya watoto.

Mama yako